Shangazi, Dai Langu Limesimama

Nyumba ya Watafiti,
Chumba Na. 9, ghorofa ya juu.
14 Machi

Mpendwa Shangazi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Goti linaendeleaje? Na cherehani yako, imepona au bado inakata nyuzi? Mimi ni mzima wa afya, ila leo naandika mbiombio kwa furaha, kwa hiyo uniwie radhi mwandiko huu kama kuku amepita.

Dai langu limesimama.

Unakumbuka uliponiuliza ninasomea nini hasa, nikajibu "hesabu" ukanuna? Haya, sikiliza. Chukua matendo uyafuatanishe, moja baada ya jingine. Kuna mifumo ambamo kila tendo lina tendo moja tu la kulitengua. Hiyo imeshachambuliwa zamani, inajulikana nje ndani. Mimi nimeng'ang'ania jamaa zake wakorofi, ambamo tendo moja laweza kutenguliwa na mengi. Mifumo yote hiyo inaitwa nusukundi. Nilidai kwamba hata hao wakorofi, ukiwafumua, ndani utakuta mfumo ule wa zamani, umebanwa na vipande viwili vyepesi, kimoja kushoto na kimoja kulia.

Mwezi uliopita Taratibu, mwenzangu wa ofisini, alinisomea uthibitisho. Akaweka kidole kwenye mstari.

"Hapa umebadilisha zamu za matendo. Nani kakuruhusu?"

Nikanyong'onyea. Katika mifumo ya zamani, matendo ambayo kuyarudia hakuongezi kitu hupishana zamu bila madhara. Mkono ulishazoea, ukaandika. Lakini kwangu zamu ina maana. Fikiria taa yenye vitufe viwili. Ukibonyeza cha kuwasha mara kumi ni sawa na mara moja. Lakini washa kisha zima, ni giza. Zima kisha washa, ni mwanga. Mazoea yana taabu, Shangazi.

Mwalimu wangu, tunayemwita Mzee Thibitisha kwa kuwa hata ukimwambia mvua inanyesha atataka uthibitisho, alisema dai lisiposimama kabla ya kikao cha mtihani wangu wa mwisho, nianze upya na mada nyingine. Miaka yote hiyo ipotee bure. Nililia, sikufichi.

Juzi naosha vyombo, nikajiuliza: kwani lazima nipishanishe popote? Sheria ya mifumo yangu yenyewe inasema matendo ya namna hiyo yakifuatana, la kwanza na la mwisho yakitulia mahali pake, ya katikati yanaweza kupishana na jibu lisigeuke. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilihitaji kuambiwa. Nikaacha sufuria na povu lake, nikakimbilia karatasi. Kumbe zamu zote nilizobadilisha zilikuwa za katikati, isipokuwa moja, na hiyo nikapata njia ya kuizunguka.

Jana Mzee Thibitisha alisoma mbele yangu. Akarudi mwanzo, akasoma tena. Kisha akafunika kalamu yake nyekundu.

"Sina swali," akasema.

Taratibu alinirukia, tukaangusha kiti.

Nisalimie Mjomba Fundi, binamu Mapozi na Bibi, umwambie ninakula vizuri. Mungu akuzidishie siku na akupunguzie maumivu ya goti.

Kikao ni mwezi ujao. Kuna kiti cha mbele cha mzazi. Karani, ambaye anajua wazazi wangu walishatangulia, aliniuliza kwa upole kama kiondolewe. Nikamwambia kibaki, mama yangu anakuja, nikampa jina lako.

Akupendaye bila kuhitaji uthibitisho,
Mwanao, Kichwangumu