Harusi Mbele ya Mlango wa Bustani

Jumapili, 6 Mei 1979

Misa, kisha bustani, kama kila Jumapili. Mama hataki Furaha atembee peke yake na mchumba wake, basi natumwa mimi. Miaka thelathini na nne, mwalimu, halafu nachunga mdogo wangu kama mbuzi.

Watu walijaa mbele ya kamelia. Wengine wametoka Bogoro kwa baiskeli kuja kukodolea maua macho. Paluku, huyo mchumba, aliinama, akafumba macho, akavuta pumzi. "Inanukia muzuri sana!" Kamelia hizi hazina harufu. Hata kidogo. Furaha naye akanusa, akakubali. Wapumbavu wawili.

Jumapili, 13 Mei

Paluku tena. Koti la abakosti la kijani, viatu vinavyolia. Anauza samaki wa chumvi sokoni. Kwao ni Butembo, na atamhamishia dada yangu huko. Leo alimwuliza mlinzi wa bustani kama maua ni ya kweli ama ya plastiki. Nilicheka. Yeye pia akacheka. Hakujua namcheka yeye.

Harusi ni Jumamosi ya tarehe 26. Anataka picha kwenye kamelia. Bila shaka.

Jumatano, 16 Mei

Amenifuata mpaka shuleni, kofia mkononi, mbele ya wanafunzi. Siku hizi ananiita yaya, kama mkubwa wake wa kuzaliwa.

"Yaya, siku ya harusi, kisha salongo ya kusafisha muji, bustani inafungwaka. Inaomba karatasi ya ruhusa ya biro. Weye unajua Kifaransa. Utatuombea?"

Nikasema ndiyo, ili aondoke.

Jumatatu, 21 Mei

Ofisi yao, hiyo biro, iko njiani kwangu. Nimepita mlangoni. Sikuingia. Siandiki barua ya Kifaransa ili muuza samaki apigwe picha na maua.

Jioni Mama aliuliza habari ya karatasi. Nikasema iko tayari. Uongo ulitoka mwepesi kama mate.

Jumatano, 23 Mei

Furaha anaimba akifua nguo. Ananiudhi. Wiki ijayo nitabaki na Mama na kuta nne. Ndiyo sababu hiyo. Nimeiandika, basi.

Jumamosi, 26 Mei

Mlango ulifungwa.

Wageni wote barabarani, mpiga picha na mashine yake, Furaha ameshika gauni lisiguse matope. Mlinzi akanyoosha mkono. "Karatasi iko wapi? Bila karatasi sifungui."

Mama akanigeukia. Wote wakanigeukia.

Paluku akasema, "Ni kosa yangu, Mama. Yaya aliniambia niende kuikamata ku biro. Nilisahau."

Mama alimsema vikali mbele ya wajomba zake Paluku. Wajomba nao wakamwongeza ya kwao, kwa Kinande. Aliinamisha kichwa, akapokea yote. Hakuniangalia hata mara moja. Ningeweza kusema neno moja tu.

Picha zilipigwa kwenye ukuta wa nje. Furaha alikuwa amelia, poda imekatika mashavuni.

Kwenye chakula nilimkuta Paluku amesimama peke yake na sahani. Nikamwuliza kwa nini.

"Nilifika ku biro jana. Walisema hakuna mutu aliomba." Aliendelea kutafuna. "Furaha anakupenda sana, yaya. Ningesema nini mbele ya watu?"

Sijawahi kumdharau mtu kama ninavyojidharau leo.

Jumatatu, 28 Mei

Wameondoka asubuhi na lori la Butembo. Furaha alinikumbatia sana, maskini, hajui. Paluku alinipa mkono. Nikaushika kwa mikono miwili.

Niliporudi nilimwambia Mama kweli yote. Alikuwa anatwanga majani ya muhogo, sombe ya jioni. Akaacha. Kisha akaanza tena, polepole.

Tumekula wawili. Mvua imenyesha kidogo, imekatika.