Ule Ulikuwa Utani, Kaka Mhina

Kaka yangu Mhina,

Shikamoo. Naamkia kaka wa miaka ishirini na minane, nami nina wajukuu wanaonyoa ndevu. Ukitaka kucheka, cheka; ila mkubwa ni mkubwa.

Wiki hii nimekukumbuka vibaya, na sababu ni televisheni. Wajukuu hapa Chumbageni wana mchezo wao wa kila Jumapili, wa mtu aliyehukumiwa kwa mauaji asiyoyafanya. Juzi umefika mwisho. Wakili akachomoa karatasi moja, hakimu akavua miwani, mtu akatoka nje mkewe akamrukia shingoni. Watoto wakapiga makofi. "Bibi, mbona hufurahi? Si ameachiwa?" Nikawaambia moshi wa jikoni umeniingia machoni, na sisi tunapikia gesi.

Unamkumbuka Masanja? Swali la kijinga hilo. Mnyamwezi yule alikuja kwa mkataba kukata mkonge kwenye shamba la njia ya Pongwe, ulikokuwa ukianika nyuzi. Na kwa kuwa sisi Wabondei na wao ni watani, hakuwahi kubisha hodi kwetu hata siku moja. Aliingia moja kwa moja, akafunua chungu, akala bada yangu, ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa papa huku akiniita mtumwa wake. Wewe ukamwibia kofia yake mpya, ukaenda nayo kanisani, ukakaa benchi la mbele ili aione vizuri. Siku zile mlinichosha. Leo ningewapikia mpaka vidole viungue.

Kisha Masanja akakutwa amekufa katikati ya mikonge. Tukaambiwa ameanguka. Siku mbili hukutia kitu kinywani. Lakini makaburini ulifanya kazi ya mtani, ya kuwachekesha wafiwa, maana nani mwingine angeifanya? Uliruka ndani ya shimo, ukalala chali, ukapiga kelele: "Hazikwi mtu hapa! Huyu nimemuua mimi, kanimalizia kuku wangu! Nipeni jogoo ndipo nitoke!" Wanyamwezi wenzake walicheka huku machozi yanawatoka. Mimi pia nilicheka. Ulipotoka nikakupangusa udongo mgongoni.

Askari mmoja mgeni alikuwa amesimama pembeni. Yeye hakucheka. Siku ya tatu baada ya maziko ikasemekana Masanja alipigwa kichwani, askari wakaja kukuchukua.

Nilipokuja kukuona rumande nilikunong'oneza kwamba nitasema sikusikia kitu. Ukanikatalia. "Sema ulichosikia, umbu langu. Utani kila mtu anaujua. Sisi tuna nini cha kuficha?" Ulikuwa umekonda, lakini ulikuwa na hakika.

Basi nikaapa mahakamani. Nikaulizwa kama ulisema umemuua. Nikajibu, "Alisema, bwana, lakini ni mtani wake." Mkalimani, naye mtu wa mbali, akasema maneno yake ya Kiingereza, jaji akainua kichwa. Mkalimani akanigeukia: "Anauliza, mtu mwenye akili timamu anaweza kufanya mzaha juu ya kaburi la rafiki yake?" Mzaha! Hilo ndilo neno alilolipata. Nikasema, "Anaweza. Tena ni lazima afanye." Nikaiona kalamu ya jaji inakimbia. Wazee watatu wa baraza, waliokaa pale kumshauri jaji, walisema huna hatia, kwa sababu walijua utani ni nini. Jaji akawashukuru, kisha akahukumu anavyoona yeye.

Walikunyonga kabla vuli haijaisha. Maiti hatukupewa. Tuliweka matanga bila kaburi, na Wanyamwezi wa kambini walikuja wote. Wakakaa, vichwa chini. Hakuna aliyethubutu kutukana, hakuna aliyethubutu kusema amekuua. Matanga yako yalikuwa mabaya, kaka. Hata mtu mmoja hakucheka.

Mwaka uliofuata, nyapara mmoja akiwa anakata roho alimwambia mkewe kwamba yeye ndiye aliyempiga Masanja, waligombea mwanamke. Mkewe akaja kwetu analia. Mama akampa maji, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia chumbani na hakutoka mpaka kesho yake. Mimi nilibaki uani na yule mwanamke, sijui nimfukuze au nimkumbatie.

Natamani nikuone, Mhina. Natamani ungezeeka ukawa msumbufu, ukabishana na wanangu, ukalalamikia chumvi. Watu huniambia mambo ya zamani yamepita. Hayajapita, mimi ndiye niliyezoea kukaa nayo. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikijitetea kwako kwamba nilifuata ulivyoniagiza, na kila nikimaliza kujitetea nabaki palepale.

Kanisani wanatusomea kwamba kweli itatuweka huru. Mimi niliisema kweli, na ikakupeleka kitanzini. Basi usiniagize tena kitu, kaka. Nikiitwa leo, nitaishika Biblia kwa mikono miwili, nimtazame jaji usoni, na kuapa kwamba siku ile sikufika makaburini kabisa.

Lala salama.

Ni mimi, umbu lako, dada yako mdogo.