Paipai Mbichi na Mkono Wangu wa Kulia

Jumanne, Julai 1996. Baridi, mawingu, na mimi nimekasirika.

Watu wa ploti hii hawajui kusimulia. Leo kwa mfereji nimemsikia Musyoka, yule karani mwenye tai moja, akiambia wapangaji ati hospitali iliishiwa dawa ndio nikapakwa matunda. Mtu ana cheti ukutani na kichwani ni pumba.

Stovu iliponilipukia mkononi, ni huyo huyo alikuja mbio na dawa ya meno. Akanipaka kama anayepaka ukuta chokaa. Mwingine akaongeza unga. Nilifika wodini nikiwa andazi.

Sista akaosha hiyo takataka yote. Chini yake nyama ilikuwa imekufa, ngumu, nyeusi kama tairi. Na tairi naijua, ndiyo nakatia watu viatu vya akala pale Kariokor.

Bila mkono huo mimi ni mdomo tu.

Sista akasema ndani ya paipai kuna kitu inaitwa enzaimu. Inakula nyama iliyokufa, iliyo hai inaiacha. Mke wangu, Mama Nduku, akatoka kutafuta. Akarudi na paipai imeiva, tamu, kama mtu amekuja kuona mgonjwa.

"Mama, hii ni ya kula," sista akamwambia. "Mimi nataka mbichi, yenye utomvu."

"Kumbe ni ile ya kulainisha nyama ya mishikaki? Basi kwa huyu mzee nitaleta mbili."

Wodi nzima ikacheka. Hata aliyefungwa bandeji mdomoni.

Wakaiponda, wakanifungia nayo mkono. Iliniwasha, sikatai. Lakini kila asubuhi wakifungua, ile nyeusi imelegea, inatoka na kitambaa, na chini kuna nyama nyekundu, mbichi, inayosikia maumivu. Sista alifurahi nikipiga kelele. Ati ni dalili nzuri.

Musyoka atajulia wapi hayo? Nimemwekea mkono mbele ya macho, pamoja na akala mpya niliyokata leo asubuhi. Akabeba ndoo yake akaondoka. Ndoo inampendeza kuliko tai.

Sasa tumebaki mimi na wewe, daftari, na wewe huna mdomo.

Hiyo akala aliikata Mama Nduku. Mimi nilishika tairi tu.

Lakini nilishika na mkono wa kulia, na haikuniponyoka.

Kesho nitamwomba kisu.