Risasi Arobaini Nilizozifumua kwa Siri

Mpendwa Bi Verla,

Nisaidie kabla Jumamosi haijafika, kwa maana nina hasira, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Mume wangu Darrell hujaza risasi zetu za bunduki gerejini, na baruti huipima kwa kile kipimio cha mkono alichorithi kwa baba yake, unamimina baruti juu, unavuta mpini, inashuka ndani ya ganda la risasi, naye huvuta mpini huku anaangalia mpira na kubishana na televisheni, mizani hagusi, ukimuuliza anakwambia, "Lorna, mkono wangu ndio mizani." Mwezi uliopita alimjazia ndugu yake Clifton risasi arobaini za kwenda nazo kambi ya kuwinda kulungu, nami nilipokwenda kufuta meza nikakuta mabaki ndani ya kipimio, baruti ya vijiti ya bunduki imechanganyika na ya vibapa ya bastola, maana alisahau kumwaga ya wiki iliyotangulia akamimina nyingine juu yake, na wewe unajua ile ya bastola inavyolipuka upesi, inaweza kupasua bunduki usoni mwa mtu. Alipokwenda kazini nilizifumua zote arobaini, nikamwaga baruti, nikazijaza upya kwa mizani ya mama yangu, moja moja, nikazirudisha kwenye boksi. Clifton akapigia shabaha, matundu matatu unayafunika kwa sarafu moja, basi kambi nzima inamsifu Darrell, naye mezani anajipiga kifua: "Mnaona? Na kuna watu humu walitaka ninunue mashine ya umeme ya kupimia." Sasa watu sita wa kambini wamemwagiza risasi mia mbili, atazijaza Jumamosi kwa kipimio kilekile. Nikisema, nimemvua nguo mbele ya ndugu yake. Je, nimnunulie hiyo mashine iwe zawadi, au kipimio kipya, au ninyamaze nizifumue tena?

Lorna,
Alder Fork, Montana

Lorna,

Pole. Sasa nisikilize. Kufumua mia mbili? Una wazimu? Umeficha kosa la mumeo, kisha ukampa sifa juu yake. Hao sita wanaagiza kwa sababu yako, si yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo chenyewe kitapanda mlimani na watu wengine.

Umeniuliza habari ya vifaa, nakujibu. Mashine ya umeme ni nzuri, inapima yenyewe, lakini mtu anayesahau baruti ya juzi ndani ya kipimio ataisahau ndani ya mashine pia. Kipimio cha baba mkwe wako hakina hatia. Baruti ya punje ndogo kinaipima vizuri. Ya vijiti virefu inakwama, na kiasi kinabadilika kila ukivuta, ndiyo maana mizani haibanduki kando yake. Mizani ya mama yako inatosha, nunua tu vile vyuma vidogo vyenye uzito unaojulikana vya kuihakiki. Mezani likae kopo moja tu la baruti. Kipimio kimwagwe ndani ya kopo lake kabla mtu hajainuka kitini, na iliyochanganyika hairudi kokote, inatupwa. Televisheni itoke gerejini. Hayo mengine ya umeme atayapata akishajua kumwaga.

Mwambie leo. Atanuna, atasema umemdhalilisha, pengine atalala kwenye kochi wiki nzima. Mwache alale. Akikataa kusikia, mpigie Clifton umwambie waziwazi: "Shemeji, zile arobaini nilijaza mimi. Hizi mia mbili asipige mtu hata moja."

Na usiniambie sijui unachokiogopa. Wanaomkumbuka marehemu mume wangu Orrin wanamkumbuka na kitambaa jichoni, na wengi walidhani ni mambo ya vita. Ilikuwa risasi iliyopasua bunduki usoni mwake, iliyojazwa na kaka yangu kwenye meza yetu ya jikoni, na mimi niliona jinsi alivyopima, nikaona haya kumsahihisha mbele ya wageni. Orrin aliishi miaka ishirini na sita baada ya hapo, na hakuniuliza hata siku moja kama nilikuwa nimeona.

Verla