Vitamutamu vya Harusi ya Hansa

Jumatatu, 3 Februari 1986

Bajia zimekwisha hotelini kabla ya adhuhuri. Chatine ya ukwaju pia. Sidi, mwenzangu wa jikoni, alikuja na muhogo wa kwao Kakuyuni, mweupe, hauna nyuzi. Tukaukaanga, tukautia pilipili na ndimu. Mzee Athmani, fundi cherehani wa ng'ambo ya njia, alikula sahani mbili akasema hakuna muhogo kama wa Kihindi.

"Muhogo kaulima mamangu," Sidi akamwambia. "Mhindi kautia ndimu tu."

Nilicheka. Ni kweli.

Kabati la vitamutamu limekaa tupu tangu mume wangu afariki. Jina lake sikulitaja akiwa hai, ndiyo desturi yetu wake wa Kihindu, na hata hapa siliandiki. Watu wa jamii yetu bajia wananunua. Vitamutamu vya harusi na vya sikukuu, hapana. Mjane hagusi chakula cha furaha. Mkono wake una nuksi. Hakuna aliyenitamkia. Wameacha tu kuagiza.

Alhamisi, 6 Februari

Amekuja Bwana Jamnadas wa duka la vitambaa. Binti yake Hansa anaolewa na kijana wa Mombasa. Harusi ni hapa Malindi, tarehe ishirini na tatu. Anataka chakula chote kitoke kwangu, na zaidi ya yote vile vipande vya korosho na nazi.

Vipande hivyo alivianza baba mkwe. Kwao walitumia lozi na maziwa mazito. Alipofika hapa hakuona lozi. Akaona korosho za Kilifi, akaona nazi. Leo Wahindi wa Mombasa huviagiza wakidhani vimetoka Bara Hindi hivyo hivyo.

Nilifurahi mno. Nikaanza kuuliza wageni ni wangapi. Bwana Jamnadas akatazama sakafu. Akasema, "Lakini akoroge Sidi. Wewe kaa mlangoni umwelekeze. Unajua mambo yetu, bhabhi." Bhabhi ni shemeji. Aliniita kwa upole kabisa. Upole ndio uliouma.

Nikamwambia nitafikiri.

Ijumaa, 7 Februari

Sikulala vizuri. Mume wangu alikuwa akigonga mwiko mara mbili kwenye ukingo wa karai kila amalizapo kukoroga. Asubuhi nimejikuta nagonga mimi.

Sidi nilimweleza. Akaacha kukuna nazi. "Mimi nikoroge vile? Dada, mimi nikikoroga inakuwa uji. Watamwozesha mtoto kwa uji?"

Baadaye akasema kwa sauti ya chini kwamba hata angejua, asingekoroga nami nimesimamishwa mlangoni kama mbuzi.

Jioni nilikwenda dukani kwa Bwana Jamnadas. Nikamwambia: napika kwa mikono yangu au sipiki. Yeye alikuwa akikunja kitambaa. Aliendelea kukunja. Akasema basi ataita mpishi wa Mombasa.

Jumapili, 9 Februari

Kila Jumapili watu wetu hujaza meza mbili za dirishani. Leo hazina mtu. Habari imeenea kwamba mjane ametaka kulazimisha mkono wake kwenye harusi.

Naogopa. Kama vitamutamu wameacha, na sasa bajia, hoteli hii haitakuwa ya watu wetu tena. Miaka yote nyumba hii imewalisha.

Mzee Athmani aliona. Akahama kutoka meza yake ya kawaida akakaa dirishani, akawaita wapagazi wa sokoni wakae naye. "Leo nasi tumekuwa Wahindi matajiri," akasema. Walikula vizuri. Bado nilikuwa na huzuni.

Jumatano, 12 Februari

Hansa mwenyewe amekuja. Bibi harusi hatakiwi kuzurura mjini, lakini Hansa ni Hansa. Akakaa juu ya gunia la unga jikoni, pale pale alipokuwa akikaa na sare ya shule, mume wangu akimpa makombo ya korosho kwa siri. Siri gani, mimi nilikuwa naona.

"Kaki, baba ananiambia umekataa." Kaki ni mama mdogo.

Nikamwambia sikukataa kupika. Nilikataa kusimama mlangoni.

Kisha akasema mpishi wa Mombasa atapikia nani, maana bibi harusi hatakuwapo. Nilimkanya. Sitaki kuwa sababu ya ugomvi wa baba na binti. Akaondoka anacheka.

Jumamosi, 15 Februari

Foi amefika kwa basi la asubuhi. Ni dada yake Bwana Jamnadas; foi ni shangazi, na sote tunamwita hivyo. Mama yake Hansa alifariki mtoto akiwa mchanga, na Foi ndiye aliyemlea mpaka akamaliza shule, ndipo akarudi Mombasa. Sote tunamwogopa. Hata karani wa benki humwamkia akiwa mbali.

Alikuja moja kwa moja hotelini. Sari nyeupe, mikono mitupu bila bangili. Mjane kama mimi, tena wa zamani. Hansa nyuma yake, na baba mtu nyuma ya Hansa. Wateja wakaacha kula.

Foi akanisema kwa Kigujarati. Nilipojibu akasema nazungumza kama mtu wa Jilore. Ndiyo, nimezaliwa Jilore, kwenye duka la baba, nikasoma na watoto wa Kigiriama. Kigujarati nakisema, kukiandika sijui. Akasema huko Jilore hawakunifunza heshima. Akauliza kama nataka kumtia mtoto nuksi siku ya harusi yake.

Nilitazama miguu yake. Viatu vilikuwa na vumbi la stendi.

Hansa ndiye aliyesema, kwa Kiswahili, kila mtu akasikia. "Foi, uji wangu wa kwanza nilishwa na nani?"

Foi akasema, "Usinivunjie heshima mbele ya watu."

"Nilishwa na nani? Nilipougua surua, nani alinitia maziwa mdomoni? Wewe ulikuwa mjane siku hiyo kama leo. Kama mkono wa mjane unadhuru, mimi ningekuwa nimeshakufa."

Mafuta tu yalikuwa yakilia kwenye karai.

Kisha Hansa akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alisema anajua Foi amepanga kukaa nyuma ya pazia siku ya harusi, asionwe. Akasema hataki. Anataka mtu aliyemlea akae mbele.

Uso wa Foi ulikuwa mgumu, halafu ukawa si mgumu. Akamgeukia Sidi. Akauliza nazi ziko wapi.

Sidi akamwonyesha.

Foi akaketi juu ya mbuzi ya nazi, sari nyeupe na yote, akaanza kukuna. Anakuna vizuri kuliko mimi.

Bwana Jamnadas akatoka nje. Mzee Athmani akamfuata kwa sauti: "Bwana Jamna, mpishi wa Mombasa mwambie asije, huku jiko limejaa."

Nimelia leo. Kwa furaha, naandika wazi.

Alhamisi, 20 Februari

Kazi imeanza; Bwana Jamnadas hakumwita tena mpishi wa Mombasa. Kabla ya kukaanga chochote cha harusi, karai hupakwa alama nyekundu, na mpakaji awe mwanamke mwenye mume hai. Mimi sina. Foi hana. Tukatazamana. Foi alikuwa amekwisha kuvuka mto, lakini hapa akasita.

Sidi akafuta mikono. "Wangu yuko hai. Yuko Gongoni anachota chumvi. Ana meno yote na deni la tumbaku."

Foi alicheka mpaka akashika ukuta. Sijapata kumsikia akicheka. Sidi akapaka alama, akaikoleza, kisha akatia nyingine kwenye sufuria ya chai, ili isione wivu.

Foi akanipa mwiko. "Mimina," akasema.

Nilimimina. Samli, iliki, sukari, nazi, korosho zilizotwangwa. Nikakoroga mpaka bega likawaka. Ilipoanza kuachana na karai nilijua. Haikuwa ngumu, haikuwa laini. Nilikuwa na hofu kwamba nimesahau. Sikusahau.

Jumamosi, 22 Februari

Bajia, kachori, mbaazi za nazi, wali wa zafarani, achari ya embe. Sinia za vipande tumezipanga hadi kwenye vitanda. Foi ananikosoa kila kitu. Nafurahi ananikosoa.

Jumapili, 23 Februari

Harusi.

Watu wengi mno. Wetu, na majirani Waislamu, na jamaa za Sidi kutoka Kakuyuni, na karani wa benki. Sahani zilikuwa majani ya mgomba. Foi alikaa safu ya mbele na sari yake nyeupe, karibu na moto wa ndoa. Watu walitazama. Yeye akawatazama wao, wakaacha.

Mimi nilitaka kubaki jikoni. Wageni wa Mombasa walipoonja vipande wakauliza mpishi ni nani. Nilisikia nikiwa dirishani. Bwana Jamnadas akatazama chini, nikafikiri atasema ni hoteli fulani. Akasema, "Ni bhabhi yangu. Ngoja nimwite."

Akaja mwenyewe kunichukua. Nilikuwa na unga usoni. Akanipeleka katikati ya watu, akasema kwa sauti kubwa kwamba nimevipika kwa mikono yangu yote miwili. Alisisitiza miwili. Mama wa bwana harusi akachukua kipande kutoka sinia niliyoshika. Akala. Akachukua cha pili. Baada ya hapo sinia haikukaa mkononi mwangu.

Mzee Athmani amefunga vitatu kwenye leso. Nimemwona. Alipoona nimemwona akaongeza cha nne.

Nimeshinda. Sijui neno jingine.

Jumatano, 26 Februari

Hansa amekwenda kwa mumewe. Foi ameondoka kwa basi lile lile pamoja nao, na chupa ya achari mapajani.

Bajia kidogo leo. Joto kali. Sidi amekwenda Gongoni kumpelekea mumewe fungu lake la vitamutamu.

Alasiri alikuja mwanamke kijana wa jamii yetu, mke wa fundi wa saa. Amembeba mtoto wake wa kiume. Mtoto hajala chakula bado, maziwa tu. Akasema Jumapili wanamwonjesha kwa mara ya kwanza, anataka vitamutamu. Nikamwambia sawa.

Hakuondoka. Akauliza kama naweza kumwonjesha sasa, mimi, kidogo tu.

Nilinawa mikono. Nikachovya kidole kwenye asali ya sukari iliyokuwa jikoni, nikamtia mtoto mdomoni. Akakunja uso. Halafu akafyonza. Akakishika kidole kwa mikono yake miwili, hakutaka kukiachia.