Magurudumu ya Baba Mdogo Adrian

Soweto, Mbeya
11 Machi 2024

Shangazi Faustina,

Shikamoo. Kamwene, kama msalimianavyo huko. Magoti yanaendeleaje, na mahindi ya Kalenga yameionaje mvua hii? Sisi huku wazima. Naandika kwa sababu simu huisikii, na nimechoka kupiga kelele dukani mbele ya wateja.

Picha ya Baba Mdogo Adrian nimeipokea kwa dereva wa basi. Nimeitazama wiki nzima. Mimi muuza vipuri. Niletee boliti nitakuambia ya Fuso au ya Scania. Lakini hili gari la vita limenishinda. Naona bodi la chuma lililofunikwa juu, na Baba Mdogo amesimama juu yake na magwanda yake, mkono kiunoni, anacheka. Basi.

Nimeiweka mtandaoni, kwenye kundi la watu wanaotambua magari, meli na ndege za vita kwa picha za zamani. Mmoja akasema la Kirusi. Wa pili akasema la Kichina. Wa tatu akamwita wa pili mjinga, wakatukanana siku tatu nzima na mimi sijapata kitu. Wote wanauliza jambo moja: magurudumu yako wapi? Ni mangapi, yamepangwaje? Na picha imekatwa chini, Shangazi. Imekatwa kwa mkasi. Nani kafanya hivyo?

Baba nimempigia. Kasema yaleyale: "Adrian alitoroka kambini Tabora kabla hajaiona vita ya Kagera. Mtoro hasomewi misa. Kama mna ushahidi, leteni." Kisha akakata simu.

Mwanao,
Sabina


Kalenga, Iringa
24 Machi 2024

Mwanangu Sabina,

Marahaba. Magoti ni yaleyale. Mahindi yamepata viwavi. Tumshukuru Mungu kwa yaliyobaki.

Nimekata mimi. Nilinunua fremu pale sokoni Iringa, picha ikakataa kuingia. Nilitaka uso wa ndugu yangu, magurudumu yangenisaidia nini? Usinigombeze, Benjamini baba yako ananigombeza vya kutosha. Kipande nimekitafuta siku nne. Nimepekua kabati, nimepekua magunia, nimemsingizia hata mama anayenifulia. Kilikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Hiki hapa, kimekunjika kidogo.

Uliuliza zamani kuhusu habari zilivyoletwa, sikukujibu vizuri. Ilikuwa mwisho wa mwaka sabini na nane. Wanaume wawili walishuka kwenye lori, wakamwambia babu yako kwamba wenzake Adrian waliamka Tabora, kitanda chake kitupu. Jumapili ile, baada ya misa, babu yako alisimama nje ya kanisa akasema kwa sauti, watu wote wakisikia: "Mimi sina mtoto anayeitwa Adrian." Tangu siku hiyo jina halikutajwa nyumbani. Vita vikaisha, Adrian hakurudi, na hakuna aliyeulizia. Mama alikufa bila kumwombea mbele ya watu.

Mimi nina miaka sabini na mbili. Nataka misa moja tu, na jina lake lisomwe.

Shangazi yako,
Faustina


Soweto, Mbeya
19 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kaa kwanza kwenye kiti, ndipo usome.

Magurudumu ni manane. Warusi walikuwa nalo la magurudumu manane, ndiyo maana kundi zima likarukia huko, na mimi nikakaribia kukata tamaa. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Wiki mbili nabishana na watu ambao hawajawahi hata kutuuliza jina la aliyesimama juu ya gari. Kisha akajitokeza mzee mmoja wa nchi ya Cheki, huko Ulaya. Anasema aliendesha gari hilo jeshini kwao akiwa kijana. Akaniandikia: "Binti, pima nafasi. Gurudumu la pili na la tatu yameachana. La Kirusi halina nafasi hiyo." Nikapima kwa rula. Ni kweli, Shangazi, yameachana.

Gari hilo lilitengenezwa kwao, wanaliita OT-64. Jeshi la Amin lilikuwa nalo. Letu halikuwa nalo, kwa wote niliowauliza. Maana yake ni kwamba Baba Mdogo amesimama juu ya gari la adui lililotekwa, na amevaa magwanda ya kwetu. Sijui lilitekwa wapi, na sijui baadaye nini kilimpata. Lakini mtu aliyetoroka Tabora hawezi kuwa kwenye picha hii. Alifika.

Nina furaha na nina hasira, na kitu kimoja kinanisumbua. Picha hii mliikuta Januari kwenye sanduku la chuma la babu, baada ya kuvunja kufuli. Ilipigwa vitani. Basi aliituma nani, na aliipokea nani? Ufunguo wa sanduku alikuwa nao nani?

Mwanao,
Sabina


Soweto, Mbeya
27 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mwezi umepita na siku zake. Dereva anaapa alikukabidhi barua mkononi. Baba hapokei simu. Jirani yako kanijibu neno moja tu, "Yupo."

Kama nimekosea kuuliza, nitukane. Lakini andika. Nimehangaika na picha hii miezi mitatu, sikuhangaika ili ninyamaziwe na wewe pia.

Sabina


Kalenga, Iringa
9 Juni 2024

Mwanangu Sabina,

Marahaba, na unisamehe. Nilikuwa mzima. Nilishindwa kushika kalamu.

Ufunguo ulikuwa shingoni mwa babu yako. Hata alipougua hakuuvua, tulimvua tulipokuwa tunamwosha, tukaurudisha jenezani akazikwa nao. Hakuna mkono mwingine ulioingia kwenye sanduku lile. Adrian aliituma picha kwa baba yake ili aone. Na baba aliona. Kama kulikuwa na barua ndani ya bahasha, hatunayo. Alikwishasema maneno yake nje ya kanisa, akashindwa kuyarudisha. Akamwacha mtoto wake aitwe mtoro miaka yote ile.

Nilimpelekea Benjamini barua yako. Akaisoma mara mbili, akasema, "Unataka kumvua marehemu nguo?" Nikamwambia, "Marehemu ni wawili." Hajanisemesha tangu hapo.

Alhamisi, kwenye sala ya jumuiya, nilisimama. Nikasema: "Ndugu yangu Adrian alifika vitani. Baba alijua, akanyamaza." Watu wakatazama chini. Nikaomba misa, katekista akaandika jina. Ni tarehe thelathini.

Kulikuwa na Marta pale. Humjui. Alikuwa mchumba wa Adrian. Baada ya habari zile aliolewa na mtu wa Ilula, mtu mgumu, na amerudi kwao akiwa mjane. Nilidhani atafurahi. Alinisubiri nje.

"Kwa hiyo hakutoroka," akasema.

"Hakutoroka, Marta."

"Na ni wewe uliyekuja kuniambia nisimngoje."

Ni kweli, Sabina. Baba alinituma, nami nilikwenda. Nilivaa hadi gauni la Pasaka. Sikujua, lakini miguu ilikuwa yangu.

Uje tarehe thelathini. Sitaki kukaa benchi lile peke yangu.

Shangazi yako,
Faustina