Vituo Viwili Nilivyovisogeza

Shikamoo Mama,

Huku Toronto theluji inaanguka tangu asubuhi, na leo wifi yako nusura aniue kwa hofu. Unajua ofisi imenileta kusaidia kuchora ramani ya treni za abiria, maana reli inaongezwa mpaka miji ya pembeni. Majina ya vituo ni marefu, basi viwili nikavisogeza vikaribiane ili maandishi ya vingine yaenee. Kwetu wachoraji hilo ni jambo la kawaida.

Shangazi Zaina nilimpa nakala ya majaribio, akaitia kwenye mkoba kwa fahari. Leo katoka hapa nyumbani kwake, mtaa wa Flemingdon Park, kwenda kununua mchele. Aliposhuka kituo cha kwanza kati ya vile viwili ili abadilishe treni, akatazama ramani yangu, akaona cha pili, chenye duka, ni pua na mdomo, akaamua kutembea. Na magoti yale! Simu yake haikupatikana. Nilisimama dirishani, kila mwenye koti jeusi nikidhani ni yeye, chai ikanipoa mkononi.

Jioni mlango ukafunguliwa. Mtandio umejaa theluji, midomo inamtetemeka. Alitandaza ramani mezani, akaweka kidole katikati ya vile vituo.

"Hapa ndipo nilipokaa chini mara ya kwanza," akasema. "Dukani sikufika. Kesho tunakwenda wote, kwa miguu, na mchele utaubeba wewe."

Nakukumbuka mno, Mama. Tafadhali mpigie wifi yako umbembeleze. Vituo nimeshavitenganisha, lakini viatu vyangu ameshaviweka mlangoni.

Mwanao,
Rehema